Alama Aliyoifuta Draha

Tarehe thelathini Septemba, Drahomíra Vlčková, Draha wetu, anaweka raketi chini baada ya miaka ishirini na mmoja katika jezi ya Klabu ya Tenisi ya Lipovany. Ametwaa ubingwa wa taifa mara tatu, na mara zote amerudi nyumbani kwa basi la kawaida, kombe likiwa ndani ya mfuko wa sokoni.

Asiyemjua angemdharau. Mfupi, na mpira wake wa kuanzisha haumtishi hata kuku. Lakini akishakuvuta kwenye mabishano ya kurudishiana mpira, umekwisha! Anaukata mpira kwa mkono wa nyuma, unateleza chini chini, nawe unainama weee kama mtu anayepalilia vitunguu. Ukishachoka kuinama, anakudondoshea mmoja karibu na wavu, nawe uko mwisho wa uwanja unahema. Najua ninachosema, maana mimi, Ivona Šimková, nilimfahamu kwanza nikiwa mpinzani wake.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya ligi. Kati ya timu yangu ya zamani na Lipovany, moja lazima ishuke daraja. Tulikuwa sare, ikabaki mechi yangu na Draha. Kila mtu alijua kwamba Lipovany ikishuka, wachezaji watatawanyika, na klabu ndogo ikitawanyika kuikusanya tena ni kazi. Seti ya tatu, tano kwa nne, Draha alihitaji pointi moja tu. Nikapangusa jasho la mkono kwenye sketi. Nikaupiga mpira kwenye kona kwa nguvu zangu zote.

Mwamuzi akapaza sauti: nje! Watu wakalipuka. Kocha Bořek akarusha kofia, Bi Květa wa duka la mikate akaangua kilio cha furaha. Mimi nikashika kichwa. Draha peke yake hakuinua mkono. Alitembea hadi kwenye kona, akainama, akaitazama alama ya mpira kwenye udongo mwekundu. Kelele zikafifia. Sisi tuliokulia kwenye udongo tunajua: ukiifuta alama kwa kiatu, umekubali kwamba mpira wa mwenzako ulikuwa ndani. Lo! Akaifuta.

"We Draha! Nani kakutuma ukaangalie?" Bořek alifoka.

"Umegusa mstari, Kocha. Ulitaka nijifanye kipofu?"

Tukaendelea, tukaburuzana mpaka saba kwa tano. Nikashinda mimi, Lipovany ikashuka. Draha akanipa mkono, kisha akachukua fagio la kuburuta akausawazisha uwanja, huku wenzake wakilia ndani. Ushindi ule uliniuma, sitaficha.

Wiki nzima Bi Květa alimuuzia mkate wa jana. Klabu kubwa zikampigia simu, akazikatalia. Alisema aliyemwaga ndiye apanguse. Wachezaji wawili wakaondoka. Baridi ilipokwisha nikaja mimi na begi langu, kwa sababu nilitaka kucheza upande mmoja na mtu yule. Bořek alinitazama toka juu hadi chini. "Umetushusha wewe," akasema. "Haya, njoo utupandishe."

Ilituchukua misimu miwili. Mechi ya mwisho tulicheza wawili-wawili, Draha na mimi, bega lake limefungwa bandeji, naye ananigombeza kila nikikosea. Tulipopanda, Bořek alilia kuliko Bi Květa.

Draha, asante kwa ubishi wako, na kwa vijana unaokwenda kuwafundisha. Jumamosi utacheza mechi ya kuaga, na ng'ambo ya wavu nitakuwa mimi. Uwanja tutafagia sisi, wewe kaa. Na mpira wangu ukigusa mstari, futa alama bila wasiwasi: Bi Květa ameahidi, liwalo na liwe, mkate wako utakuwa wa leo. Nenda salama, dada yetu, uishi vizuri.