Veronica Nakolong na Jukwaa la Njia ya Merti

Tuliyekuja kumsindikiza leo, Veronica Nakolong Mwenda, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1978 mjini Isiolo, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Ewesit Lobokat na marehemu Mama Paulina Akai. Baba yake alikuwa amehamia mjini na kupata kazi ya ubawabu, lakini mbuzi hakuwaacha. Waliendelea kuchungwa na jamaa zake upande wa Leparua. Baada ya Nakolong alizaliwa mtoto mmoja tu, Achuka, na dada yake ndiye aliyembeba mgongoni hadi alipoweza kukimbia mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi na ya upili hapa Isiolo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Kisha alienda Meru kusomea ukarani na kompyuta, akahitimu mwaka 1999.

Mwaka 2000 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya malori ya mizigo yaendayo Merti. Kazi yake kubwa ilikuwa kujibu simu. Mto umefurika? Lori limepita Korbesa? Barabara iko salama? Hapo ndipo alipofahamiana na dereva mmoja mpole kutoka Meru, Mwenda Rimberia. Walifunga ndoa kanisani tarehe 6 Desemba 2003, na Mungu akawajalia watoto wawili, Makandi na Ewesit.

Kila siku alijibu maswali yale yale. Makundi ya simu yalipokuja alidhani yatampunguzia kazi, lakini habari ya asubuhi ilikuwa imezama kufikia jioni. Kwa hiyo, Februari 2018, alifungua jukwaa la majadiliano mtandaoni, akaliita Njia ya Merti. Kila jambo lilipewa mahali pake: barabara, soko la mifugo, wanyama waliopotea, maji.

Mwanzoni hakuna aliyekuja. Nakolong aliuliza swali kwa jina lake, akalijibu kwa jina la Mama Kuku, kisha akamshukuru Mama Kuku. Mwenda, akisoma haya akiwa safarini, alimpigia simu.

"Huyu Mama Kuku anajua mambo mengi. Ni nani?"

"Ni mimi. Sasa nyamaza, na wewe uandike kitu."

Mwenda akaandika kuhusu korongo lililokata barabara. Madereva wenzake wakafuata, kisha wafanyabiashara wa mifugo. Mmoja wao, Dabasso wa Merti, aliwaleta watu wa Korbesa, ambako simu moja iliandikia boma zima. Jukwaa likawa la Waturkana kwa Waborana, Wasomali kwa Wameru, na kila aliyejiunga aliacha nambari yake ya simu kwa Nakolong peke yake.

Machi 2022, wakati wa ule ukame, mbuzi wa familia yao waliibwa Leparua. Binamu yao Ekuam, aliyekuwa akiwachunga, alipigwa risasi ya mguu. Kesho yake picha ikatokea jukwaani: vijana watatu wamelala chini, wamekufa, na chini ya picha imetajwa jamii nzima kuwa ndiyo iliyowaua. Watu wakaanza kuitana wakutane na silaha. Aliyeiweka picha hiyo alikuwa Achuka.

Nakolong aliitazama kwa makini, akaiondoa. Kisha akampigia Dabasso, akamwomba awatafute wazee wa upande wa pili kabla jua halijatua.

Asubuhi hiyo hiyo mwanachama aliyejiita Mpita Njia alikuwa ameandika kwamba ameona mbuzi wenye alama ya sikio la familia ya Ewesit wakiswagwa kuelekea mto Ewaso Nyiro. Mchana Achuka akafika nyumbani kwa dada yake na wanaume wanne.

"Rudisha hiyo picha," alisema. "Na utuambie huyo Mpita Njia ni nani. Kama aliona mbuzi, anajua wezi."

"Ametusaidia, Achuka."

"Toa jina tu. Hayo mengine si yako."

"Nikitoa jina mtu atakufa, na mimi nitakuwa nimemuua."

"Wewe ni dada yangu ama ni wa hao watu?"

Mmoja wa wale wanaume, ambaye alikuwa amesimama tu karibu na mlango, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, mzee wako bado hajafika Merti, sivyo?"

Nakolong alijua maana yake. Mwenda alikuwa barabarani na lori, na kisasi kikianza, lori ndilo lingekuwa la kwanza kusimamishwa. Aliketi mezani, akafungua kompyuta. Walidhani analitafuta jina. Alipomaliza, aliigeuza kompyuta wakaona wenyewe.

"Nimefuta nambari za watu wote," alisema. "Hata yako. Sasa mkinipiga mpaka kesho, sina cha kuwaambia."

Achuka aliishika kompyuta kwa mikono miwili, akaiinua. Simu ya Nakolong ikaita, naye akaiweka kwa sauti ya juu ili wote wasikie.

"Salaam aleikum, Mama Makandi," alisema Dabasso. "Niko na wazee na chifu. Hao mbuzi wameonekana. Tupeni mpaka kesho."

"Na wale vijana watatu?" Achuka akauliza.

"Vijana gani? Huku hakuna mtu amekufa."

Nakolong akamgeukia ndugu yake. "Hiyo picha ulipata wapi?"

"Nilitumiwa."

"Nyuma ya hao vijana kuna shamba la mahindi mabichi. Mwaka huu umeona wapi mahindi mabichi?"

Achuka aliirudisha kompyuta mezani. Wakaondoka bila kuaga.

Wengi wa mbuzi walirudishwa mbele ya wazee. Ekuam alipona, ingawa anachechemea. Mwenda alifika Merti, akarudi salama, na Nakolong, aliyekuwa hajalia siku zote hizo, alilia alipoliona lori likiingia. Jukwaa ndilo lililoumia. Waliosahau nywila zao hawakuweza tena kurudi, kwa sababu nambari hazikuwepo, na baadhi ya watu wa kwao walimwita msaliti hadi sokoni. Achuka aliacha kukanyaga kwake.

Alianza upya. Hakuomba tena nambari ya mtu. Picha ikaruhusiwa tu ikitajwa imepigwa wapi na lini. Aliwachagua wasimamizi wawili, Kagure na Elema, na hakuna andiko lililofutwa mpaka wote wawili wakubaliane, hata kama aliyetaka lifutwe ni Nakolong mwenyewe. Taratibu watu walirudi, na leo jukwaa lina wanachama wengi kuliko lilivyowahi kuwa nao.

Mwaka 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Meru na Nairobi, akavumilia mengi, hadi Aprili mwaka huu alipoomba arudishwe nyumbani. Achuka alikuja siku ya Jumapili, akasimama mlangoni.

"Ingia," Nakolong alimwambia. "Nina kazi yako. Jiunge tena na jukwaa. Nikienda, wewe ndiye utawaambia watu. Uandike tarehe na mahali."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu watakuamini. Na usiweke picha."

Tangu siku hiyo Achuka hakuondoka tena. Nakolong alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Wanachama walisoma habari hizi kwa maneno haya: "Dada yangu Veronica Nakolong amefariki leo asubuhi, nyumbani kwake Isiolo. Nilikuwa naye. Achuka Ewesit."

Amemwacha mume wake, Mwenda Rimberia. Watoto wake, Makandi na Ewesit. Ndugu yake, Achuka. Binamu yake, Ekuam. Wakwe, mashemeji na majirani. Na watu wa Njia ya Merti, ambao wengi wao hakuwahi kuwaona uso kwa uso, na baadhi yao wamesafiri kufika hapa leo.

Bwana ampokee mja wake, naye Nakolong apumzike katika amani aliyoitafutia wengine.