Ekseli Niliyoipaka Rangi Nyeusi

Karibieni, wanangu, vuteni viti mkae, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kumpigia mtu kelele. Binti yangu mkubwa, niinulie mto huu kidogo. Wewe wa kati, kazime ile mashine ya kujazia matairi upepo huko gereji, inanguruma kuliko mimi. Na wewe, shemeji, mke wa marehemu mdogo wangu, nimekuita makusudi. Kaa hapo mlangoni ulipozoea, lakini leo usiinuke kabla sijamaliza.

Nyumba hii ni ya binti yangu, na shemeji yangu asihamishwe na mtu yeyote kwenye vyumba vyake viwili vya uani, awe hai au awe amelala kaburini. Gereji ni ya wa kati, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekubali kunuka oili miaka yote bila kulalamika. Spana ya namba kumi na saba irudisheni kwa fundi rangi wa ng'ambo ya barabara. Niliiazima nikiwa bado na meno, naye kwa heshima hakuwahi kuidai.

Kitinda mimba, lori sikupi.

Ngoja. Nimesema sikupi, na sijamaliza. Najua umefufua injini yake mwenyewe, injini iliyolala miaka kumi na tisa juu ya mawe, na mimi niliyekufundisha kushika bisibisi nilikuwa nakusikiliza kupitia dirisha hili na kunyamaza. Najua umelifunga matairi makubwa, na kwamba saa sita leo unatarajiwa kupandisha vibarua kule machimboni mlimani. Lakini ekseli ya mbele, ule mhimili wa magurudumu, haichaguliwi kwa macho, mwanangu. Ya nyuma inasukuma tu, kama punda. Ya mbele inabeba injini, inavuta, na inageuka, yote kwa wakati mmoja, na ukiivisha tairi kubwa umemrefushia mkono yule anayetaka kuivunja. Mtu akiweka shafti ngumu, nguvu inahamia kwenye viungio. Akiweka viungio vigumu, inahamia kwenye difu, yale meno ya katikati yanayogawa nguvu kwa magurudumu. Na akiisha kuimarisha vyote hivyo, nguvu inakwenda kutafuta mahali ambapo fundi alidanganya.

Unasemaje? Umeshaikagua ekseli na ni nzima? Hicho ulichokikagua si ekseli. Ni hausingi, yaani ganda. Ekseli zenyewe ni shafti mbili zilizomo ndani, na fundi asiyejua jina la kitu hajui...

Kamusi? Umeomba urithi nikakupa kamusi? Haya. Toka. Mwacheni, msimshike. Ubamize mlango utakavyo, bawaba zake nimezitia mwenyewe, hazing'oki. Atarudi akipoa, tangu utotoni hasira zake ni za maji ya moto, ukiyaweka chini yanapoa.

Basi nitawaambia ninyi, naye mtamweleza. Afadhali labda. Nisingeweza kulisema hili nikimtazama usoni.

Lile lori lilipokuja kwetu lilikuwa na ekseli nyepesi ya mbele, na kila tulipopanda mlima lilikuwa likikata viungio kama mtu anayevunja bua la muhindi. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuliimarisha ganda lilelile kwa vyuma vya kulitia mgongo, nitie na shafti ngumu, nitulie na matairi ya kiasi. Ya pili ilikuwa kuchukua ekseli nzima ya lori kubwa zaidi, ambalo lilikuwa limeanguka likabaki skrepa. Mdogo wangu alisema, "Kaka, tufanye ya kwanza, tutafika tu." Mimi nikachagua ya pili, kwa sababu mafundi wa mtaa mzima walikuwa wakija kutazama, na sifa, wanangu, ni mzigo ambao springi zake hazijatengenezwa.

Ekseli ile ilikuwa pana mno. Nikaikata bomba upande wa kushoto, nikaifupisha kwa upana wa kiganja, nikakichomelea upya kile kichwa cha mwisho kinachobeba gurudumu na kuligeuza. Kichwa kile ni chuma cha kumimina. Chuma cha kumimina hakichomelewi kikiwa baridi. Kinapashwa moto kwanza taratibu, na baada ya kuchomelewa kinafukiwa kwenye majivu kilale mpaka kesho yake, kipoe chenyewe. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Mdogo wangu alikuwa na safari saa nne. Saa tatu na nusu nilichukua ndoo ya maji, nikamwagia.

Kilifoka kama kinachonionya. Nikasikia na mlio mdogo ndani yake, tik, kama ukucha juu ya bilauri. Nikakifungia gurudumu hivyohivyo.

Shemeji, usiinuke. Nakuomba.

Kwenye mteremko kichwa kilikatika palepale nilipochomelea, gurudumu likalala, na yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiwe uliyemwosha uso. Watu wakasema alikuwa amekunywa. Wakasema mwendo. Nami, siku ya maziko, nilisimama mbele ya watu nikiwa na koti langu jeusi, nikasema, "Mdogo wangu alipenda mwendo." Hayo yalikuwa maneno yangu, sikuyapunguza wala sikuyaongeza. Wanao walikua wakiitwa watoto wa mlevi, na mtu yule hakuwahi kuonja hata tone. Kisha mkaguzi alipotoa taarifa kwamba angekuja kulitazama lori, nilikiokota kile kichwa, nikakichomelea tena mahali pake, nikakisugua, nikapaka rangi nyeusi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba kwa brashi, nikajenga ukuta uliotufungia humu ndani wote miaka kumi na tisa. Watu walidhani nimelipandisha lori juu ya mawe kwa majonzi. Nililipandisha kwa woga.

Huo ndio upande wa kushoto alioukagua mwanangu. Ameona rangi.

Sikuombi msamaha, shemeji. Ningekuwa nakuomba unibebee tena kitu. Nataka tu mwende nyumba kwa nyumba, mseme kwamba marehemu alikuwa mzima na akili zake, na kwamba muuaji alikuwa...

Nyamazeni.

Hiyo ni stata ya lori.

Mwanangu wa kati, kimbia! Geti! Lifunge, na kama ameshafika getini lala chini mbele ya gurudumu, atasimama, ni mtoto mwema. Mwambie ni kushoto. Mwambie baba yako amesema ni kushoto. Na wewe binti, niachie mkono wangu, mkono wangu hauendi popote, nenda! Mpisheni shemeji. Mpisheni... Ametangulia. Kwa miguu ile mibovu, ametangulia yeye.

Nilianza na spana badala ya lori. Mwenyezi Mungu, nilianza na spana.

Mkisimamisha lori, likateni lile ganda vipande vitatu, msimwuzie mtu hata wa skrepa. Mimi nizikeni mbali na mdogo wangu. Sistahili kulala karibu naye. Pendaneni. Mikono yenu ibarikiwe, kila mtakachokifunga kisifunguke njiani... na aliye kwenye usukani nimembariki kuliko ninyi nyote, yeye zaidi, yeye...

Hiyo ni gia ya kwanza.

Binti yangu? Upo?

Ya pili. Ameingiza ya pili.

Polepole, baba. Kwenye kona... polepole, baba...