Korti Ndogo Yatafuta Faili la Gati

Mkabala na lango la mahakama ya Migori, upande wa Suna ambako vumbi la barabara halijui Jumapili, lipo benchi la mbao chini ya bati la Dorine, muuza kahawa ya tangawizi. Watu huliita Korti Ndogo, maana kila kesi inayoingia ile korti kubwa ng'ambo ya barabara huamuliwa hapa kwanza, bila kiapo wala wakili, na gharama yake haizidi kikombe kimoja. Mahakimu wa kudumu ni watatu. Odhiambo, mzee aliyestaafu ukarani wa soko, anaitwa Hansadi kwa sababu anadai hajawahi kusahau neno la mtu. Ombui, muuza ndizi kutoka Kisii, ni Gredi A, kwa ndizi zake na kwa maoni yake. Wa tatu ni Maroa, fundi viatu, Mkuria wa kule mpakani, ambaye jina lake la benchini ni Rufaa. Ukimshinda leo, kesho anarudi na hoja mpya na kukuambia ya jana haikusikizwa vizuri.

Asubuhi hiyo Rufaa alikuwa anashona soli huku anabishana, kazi mbili anazoziweza kwa pamoja, alipomwona yule mama akitoka tena langoni mikono mitupu. Alikuwa amemwona juzi na jana yake vilevile. Kwa lafudhi yake ya kuomba maji kwa Dorine alijua ni wa kwao. Moyo ulimuuma, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

— Keti, mama. Hapa hatuulizi namba ya kesi.

Mama akaketi, akasema anaitwa Gati, na kwa vile alikuwa amechoka kunyamaza, akaeleza yote. Miaka mingi nyuma, watoto wake wawili wakiwa wadogo, mwanamume aliyewazaa, jina lake Wambura, alikwenda mahakamani kuwachukua. Akashindwa. Hakimu akaamua watoto wabaki katika boma la bibi Nyangi, aliyemwita mama mkwe wake, kwamba hapo ndipo kwao. Sasa bibi Nyangi amefariki, na wapwa wa marehemu mumewe wanalitaka shamba. Wamemtafuta Wambura huko alikokuwa, naye amekuja akisema watoto ni wake. Kama watoto ni wa Wambura, basi boma la Nyangi halina mrithi, na Gati na wanawe wafunge virago. Wazee wanakaa Alhamisi mbele ya chifu, na chifu amesema jambo moja tu: leteni hukumu ya korti.

— Na karatasi yenu ya nyumbani? akauliza Gredi A.

— Mchwa walikula, na sanduku lake.

Huko masjala, alisema, karani hakuwa mtu mbaya. Alimwomba namba ya kesi, Gati hakuwa nayo. Akamwomba basi majina ya pande mbili na mwaka. Gati akataja jina lake na la Wambura. Karani akapekua kompyuta, akapanda ngazi kwenye rafu za nyuma, akashuka na vumbi hadi kwenye nyusi. Kina Wambura walikuwa wengi mle ndani kama omena wavuni, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kupambana na Gati.

Korti Ndogo ikaingia kikao.

Hansadi alifungua kwa kusema penye wazee haliharibiki neno, kisha akaanza kuliharibu. Faili zote za Wakuria, alisema, zilihamishwa siku ile Kehancha walipopata korti yao. Zilipakiwa kwa lori, na lori likakwama mtoni, kwa hiyo nusu ya faili ziko Kehancha na nusu ziko majini zinaelekea Karungu.

— Omera, ndugu yangu, mimi niliona hiyo lori na macho yangu.

— Uliona lori ya simiti, akasema Dorine bila kugeuka.

Gredi A akapinga. Faili la watoto halipotei, alisema, linafichwa. Kuna chumba cha chuma, na funguo hukaa kwa jaji mkuu Nairobi, na ili kifunguliwe lazima ulete wale watoto wenyewe wasimame mlangoni walinganishwe na picha. Gati akasema watoto wamekuwa watu wazima, mmoja ana ndevu.

— Ndiyo sababu kimekataa kufunguka. Haba na haba hujaza kibaba, mama. Hizo ndevu zimeharibu kesi.

Rufaa alijua huo ni upuuzi, na kwa kuwa hakutaka kupitwa na upuuzi wa mwenzake, akatoa mkubwa zaidi. Faili, alisema, lilikwenda Homa Bay kwa rufaa, kwa sababu kila kesi inayoshindwa ina kivuli chake, na kivuli cha kesi za Migori hulala Homa Bay. Huko Homa Bay nako hawalisomi ila mwezi ukiwa mpevu, ndipo muhuri wa zamani uonekane. Akamaliza kwa methali ya akiba haiozi, akanyanyua kikombe kama mtu aliyeshinda.

Gati aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na haki ya kulia, lakini hakulia. Rufaa alipoona lile jicho lake kavu, aliona haya kidogo, akainamia soli yake.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja na gunia la omena kutoka Mbita, Mkisii aliyeolewa ziwani, anaitwa Eucabeth. Alikuwa anasubiri mteja wake wa Suna amfuate pale. Alinunua kahawa, akasikiliza mambo ya lori na ndevu na mwezi mpevu, akapuliza kikombe chake.

— Samahani, mimi ni mgeni. Huyo bwana alimshtaki nani?

Benchi zima likamjibu kwa pamoja. Amshtaki nani tena? Si huyu mama aliye mbele yako?

— Nimemuuliza yeye.

Rufaa aliacha sindano ndani ya ngozi. Katika siku zote za kesi zilizoamuliwa kwenye benchi lile, hakuna aliyewahi kuuliza swali fupi namna hiyo, na yeye, Rufaa, Mkuria, ndiye aliyestahili kuliuliza wa kwanza. Alianza kuhisi jibu kabla halijatoka.

— Hakunishtaki mimi, Gati akasema. Alimshtaki Nyangi.

— Mama mkwe wako? Hansadi akauliza.

Gati alivuta leso yake, akaifunga upya. Rufaa alijua kwa nini anachelewa. Huko kwao, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume huweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, na watoto watakaozaliwa, hata kwa mwanamume wa kukaribishwa tu, ni wa nyumba yake, naye ndiye baba yao mbele ya ukoo. Kule nyumbani hakuna anayeshangaa. Lakini ukivuka mto kuja mjini, jambo hilo huchekwa, na Rufaa mwenyewe, ambaye ana nyumba ya namna hiyo kando ya boma la baba yake, hakuwahi kulitaja pale benchini, akiogopa Hansadi angemtania mwaka mzima.

— Si mama mkwe, Gati akasema. Nyangi ni mume wangu. Mjini huwa nasema mama mkwe. Hata pale kwa dirisha niliulizwa mume wako nani, nikasema amekufa, na pande za kesi nikataja mimi na Wambura, yaishe.

Hansadi alifungua mdomo, na Rufaa akamuonya kwa jicho. Lakini mzee hakuwa amefungua mdomo ili acheke.

— Na huyo mama alijibu nini kortini? akauliza taratibu. Nyar Kuria, binti wa Wakuria, alijibu nini mbele ya hakimu?

Hapo ndipo Gati alipobadilika. Alikaa wima. Alisimulia jinsi Nyangi alivyosimama bila wakili, miguu mitupu kwa sababu viatu vilimbana, na hakimu akamuuliza yeye ni nani kwa watoto hawa. Akasema: mimi ni baba yao. Watu wakacheka nyuma, hakimu akawanyamazisha. Nyangi akasubiri wamalize, akaendelea kwa sauti ileile. Alisema ng'ombe alitoa yeye. Nyumba alijenga yeye. Huyu Wambura alikaribishwa, akala, akaenda zake, na mgeni hafungi ng'ombe za mwenye boma. Kisha akamwomba hakimu amuulize Wambura swali moja tu, jina la mtoto wa pili. Hakimu akauliza. Wambura akatazama dari ya mahakama kama jina limeandikwa huko.

— Nilikuwa nimembeba huyo wa pili mgongoni, Gati akasema. Akamwita Nyangi baba, kwa sauti, korti nzima ikasikia. Hakuna aliyecheka mara ya pili.

Gredi A alisema huyo alikuwa mwanamke wa gredi ambayo yeye hajawahi kuiuza. Dorine akasema angependa kumuona akiwa hai, amnyweshe kahawa ya bure mpaka achoke. Rufaa akaishika tena sindano yake. Alijisikia fahari kubwa, na ndani ya fahari hiyo kulikuwa na aibu, kwa kuwa miaka yote amekuwa akiwaficha rafiki zake watu kama huyo.

Eucabeth alirudisha kikombe.

— Basi si uende uwaambie hilo jina.

Gati akavuka barabara. Benchi likamsindikiza kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu Korti Ndogo iundwe, hakuna aliyetoa hukumu.

Hakukaa sana. Alirudi anatembea upesi, akasema limepatikana. Wambura dhidi ya Nyangi, kesi ya watoto, limo kwenye kitabu na faili lenyewe liko kwenye rafu za zamani. Karani alikuwa amefurahi kuliko yeye. Lakini faili la watoto haliangaliwi na kila mpita njia. Lazima aandike ombi, aseme anataka nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri, aseme ya nini, na aseme yeye ni nani kwa marehemu Nyangi aliyekuwa upande wa pili. Akishalipa ada ya nakala, atapewa kabla ya Alhamisi. Alikuwa na karatasi na kalamu mkononi, na kalamu ilikuwa imekwama.

— Hapo kwa mimi ni nani. Niandike nini?

Korti Ndogo ikaamka. Hansadi akasema aandike mkwe, ndilo neno ambalo serikali inalijua. Gredi A akasema aandike binti, maana binti hakuna wa kumuuliza maswali. Hansadi akarudi na kusema aandike msimamizi wa mali, neno refu linaogopesha karani. Gredi A akasema asiandike kitu, aweke alama ya kidole pale, wajaze wenyewe. Dorine alitikisa birika, likalia utupu, akasema kahawa imeisha na bado hawajamsaidia mtu.

Gati hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anamtazama Rufaa.

— Wewe ni wa kwetu. Niandike nini?

Rufaa aliweka kiatu chini. Akiandika mkwe, wapwa watasema mkwe hana boma. Akiandika mke, dirisha zima la mahakama litajua, na kesho soko zima. Rufaa alifikiri juu ya miguu mitupu juu ya sakafu ya mahakama, na watu wakicheka nyuma, na yule mama akiwasubiri wamalize.

— Nyangi angeandika nini? akauliza.

Gati akaiweka karatasi juu ya boksi la Rufaa la misumari, akainama, akaandika polepole kwa mkono wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Hakumwonyesha mtu. Akavuka barabara.

Mteja wa Eucabeth alifika, gunia likabebwa, lakini Eucabeth mwenyewe hakuondoka. Alisema omena haina mbio. Rufaa alishika kiatu bila kukishona. Kila aliyetoka langoni walimgeukia, na kila mmoja hakuwa yeye.

Alipotoka, alikuwa ameshika risiti. Alivuka bila kuangalia boda, mpaka dereva mmoja akampigia honi ndefu. Akasimama mbele ya benchi, na machozi ambayo hakuyatoa asubuhi yote sasa yalikuwa yanatiririka, wala hakuyafuta.

— Wamekataa? Rufaa akauliza.

— Wamekubali. Nichukue Jumatano.

— Sasa unalia nini, mama?

Gati aliikunja risiti, akaifunga kwenye ncha ya leso.

— Karani alisoma ile karatasi. Akanitazama. Halafu akaniambia, pole sana kwa kufiwa na mume wako.

Tangu wamzike Nyangi, alisema, watu wote wa mjini walimpa pole ya mama mkwe. Hii ndiyo pole yake ya kwanza.

Hansadi akasimama kwa shida, akavua kofia yake, akampa mkono.