Fundi Aliyehojiwa Mara Elfu Moja

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi wa majengo wa Shule yetu ya Uandishi wa Habari atakabidhi funguo na ovaroli mbili, na kuhitimisha miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu. Ukilitaja koridoni watu watakutazama tu. Hapa kwetu anaitwa Fundi, na inatosha.

Aliajiriwa kushughulikia umeme, mabomba, vitasa, na kila kilichovunjika ambacho hakuna aliyekiri kukivunja. Kazi hiyo ameifanya vizuri. Lakini wengi wenu mliokaa ukumbini leo hamkumfahamu kwa bisibisi. Mlimfahamu mkiwa mmekaa mbele yake chumba namba saba, kalamu mkononi, na dakika kumi na tano za kumhoji.

Jambo hilo lilianza kwa bahati. Katika mwaka wake wa tatu kazini, waombaji wa shule yetu walipangiwa mtihani mpya: wamhoji mgeni mmoja, kisha waandike ukurasa mmoja. Mgeni mwenyewe, mkubwa wa idara fulani, hakutokea. Saa tatu ikapita, saa nne ikaingia, vijana arobaini wamejipanga ukutani. Mkuu wa Shule wa wakati ule akainua macho akamwona Fundi juu ya ngazi, anafunga feni. Akamwambia ashuke, apanguse mikono, akae kwenye kiti. Maelekezo aliyopewa yalikuwa mafupi: ukiulizwa, jibu ukweli; usipoulizwa, nyamaza.

Ilikuwa iwe siku moja. Imekuwa miaka ishirini na tisa, na kwa hesabu ya majalada yangu ya udahili, Fundi amehojiwa na watu elfu moja mia moja na sitini. Sijui kama yupo mtu mwingine mahali popote aliyeulizwa mara nyingi hivyo alianza lini kazi.

Maana hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza la karibu kila mtu. La pili lilikuwa: unakutana na changamoto gani? Alifika mahali akisikia tu sauti ya "cha" anaanza kujikuna shingo. Mwombaji mmoja alijieleza mwenyewe kwa dakika kumi na mbili, kisha akaenda kuandika kwamba Fundi ni mtu mkimya. Mwingine alimuuliza nini anakiona akiwa juu ya ngazi ambacho sisi wa chini hatukioni. Akajibiwa kwa ukweli, kama sheria inavyotaka, na ndivyo shule nzima ilivyojua kwamba kipara cha mhadhiri wa sheria za habari kilianzia upande wa kushoto.

Yupo pia msichana aliyemwangalia miguuni dakika nzima, kisha akauliza kwa nini kiatu kimoja kina kamba na kingine kimefungwa kwa waya. Fundi akamweleza kwamba asubuhi ile alitumia kamba yake kushikiza taa ya ukumbini iliyokuwa ikining'inia, kwa sababu kibano cha taa hakikuwepo stoo. Msichana hakuridhika na maelezo. Alikwenda ukumbini, akainua shingo, akaiona kamba, ndipo akaandika. Leo ni mhariri wa habari, na nasikia waandishi wake wanamwogopa.

Sasa nifike kwenye mwaka ambao Fundi mwenyewe hausimulii. Nimemwomba ruhusa niuandike. Alifikiri, akasema nikiandika, nisipambe.

Miaka kumi na moja iliyopita, fomu moja ya maombi ilipita kwenye dirisha langu ikiwa na mwandiko safi, na kwenye nafasi ya kazi ya mzazi pameandikwa: fundi wa majengo, shule hii. Nikainua macho. Binti alikuwa na paji la uso la baba yake. Nikamuuliza kama nyumbani wanajua. Akasema mama anajua.

Baba alijua pale majina ya waombaji yalipobandikwa ubaoni, kwa kuwa kioo cha ubao ule alikifunga yeye. Alisimama pale na kopo la gundi hadi gundi ikaganda. Kisha akaenda kwa Mkuu wa Shule, mama tuliyekuwa naye wakati huo, akaomba mwaka ule atafutwe mtu mwingine wa kuhojiwa na binti yake. Mkuu akaona ni haki, akamwita binti amwambie atapangiwa mtu wake. Binti akakataa. Alisema akihojiana na mtu tofauti, wenzake thelathini na tisa watasema amebebwa, na hata akifaulu hatajua kama amefaulu. Akaomba apewe Fundi kama wengine.

Mkewe Fundi aliniambia baadaye kwamba wiki ile nyumba yake ilikuwa na watu wawili wanaojiandaa na mtihani mmoja, na yeye amebaki katikati kuwapitishia chumvi. Hawakugombana. Kila mmoja alikuwa na adabu kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtisha.

Siku ilipofika, mwombaji namba ishirini na sita aliingia chumba namba saba. Mimi nilikuwa nje mlangoni na saa yangu, kama kawaida. Ndani walikuwa wawili tu. Kilichosemwa nakijua kutoka kwenye karatasi yake, ambayo bado ninayo jaladani na ambayo ameniruhusu kuinukuu.

Hakumwita baba. Alimwita Fundi, akauliza habari za kazi, za mabomba, za hosteli. Dakika zikiwa zimebaki chache, akauliza: "Fundi, kama ingekuwa juu yako, mwombaji namba ishirini na sita afaulu au asifaulu?"

Ameandika kwamba akisubiri jibu alihesabu vioo vyote vya dirisha, ni kumi na vinane. Kisha Fundi akajibu: "Asifaulu."

"Kwa nini?"

"Zile picha tatu pale ukumbini, za waliosoma hapa wakafia kazini. Misumari yake niliipigilia mimi. Wa nne sitaki kuushika."

Akamuuliza kama huyo mwombaji anajua hivyo. Fundi akasema: "Hajawahi kuniuliza mpaka leo."

Nikagonga mlango. Dakika kumi na tano zilikuwa zimekwisha.

Kamati ya udahili iliposoma karatasi ile, wahadhiri watatu walianza kubishana. Mmoja alisema ni maandishi bora kuliko yote ya mwaka ule. Mwingine alisema ni mambo ya familia yaliyopangwa nyumbani. Wa tatu, yule yule wa kipara, alikuwa na shaka nzito zaidi: huenda binti ametia chumvi, na kwa kanuni zetu anayemlisha mtu maneno hupewa sifuri. Wakaamua kumwita aliyehojiwa aseme mwenyewe. Mimi nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu za kikao.

Fundi aliingia na ovaroli, akatoa miwani mfukoni, akasoma akiwa amesimama. Akarudia kusoma. Chumba kizima kilikuwa kinafahamu kwamba alichokitaka sasa kilikuwa mkononi mwake. Angesema neno moja tu, kwamba sivyo alivyosema, binti angerudi nyumbani, na hakuna ambaye angeweza kumbishia, kwani ndani hapakuwa na shahidi.

Akakunja miwani. "Ni maneno yangu," alisema. "Hakuongeza, hakupunguza."

Kisha akaomba ruhusa aende, kwa sababu soketi ya maktaba ilikuwa inatoa cheche.

Binti alidahiliwa akiwa wa tatu kwenye orodha. Kwa miaka mitatu baba na mwana walipishana kwenye ngazi za shule hii. Asubuhi walitoka mlango mmoja, na wakifika getini kila mmoja anashika njia yake. Baba anarekebisha feni, binti anakaa chini ya feni ile ile akijifunza kuandika habari, kuuliza kwa heshima, kuuliza tena kwa heshima, na kuthibitisha. Darasani alimwita Fundi. Nyumbani Baba. Sikuwahi kumsikia akikosea.

Katika mwaka wa pili maji yalikoma kupanda ghorofa ya tatu ya hosteli ya wasichana. Siku ya kumi na moja, gazeti la wanafunzi likampa binti habari hiyo. Mhusika mkuu wa maji, kama mnavyojua, alikuwa nani? Binti akaenda karakana na daftari lake, akagonga mlango uliokuwa wazi, akajitambulisha kwa jina na gazeti. Fundi alijibu kwamba valvu ya pampu, iliyokuwa ikisumbua tangu zamani, sasa imekufa na ameomba mpya mara mbili kwa maandishi. Pengine alidhani yamekwisha. Binti akaomba kuziona nakala za barua.

Zilikuwepo, kwenye kopo la biskuti, zimekunjwa vizuri, ya kwanza ikiwa na miezi minne. Habari ilitoka Jumatatu, ikiwa na tarehe za barua zote mbili na kauli ya ofisi ya manunuzi kwamba hazikuonekana. Alhamisi valvu ililetwa. Fundi aliifunga mwenyewe, na maji yalipopanda wasichana wa ghorofa ya tatu walipiga vigelegele hadi darasa la takwimu likasimama.

Jioni ile alipita ofisini kwangu, jambo asilolifanya sana. Aliketi, akazungusha kofia mikononi. Alitaka kujua inakuwaje barua mbili za mtu wa miaka ishirini na mbili kazini zikae kimya, halafu ukurasa wa mtoto wa mwaka wa pili uamshe ofisi nzima kwa siku tatu. Aliondoka na swali lake. Tangu wiki ile, kila Jumatatu kabla ya saa mbili, alikuwa mtu wa kwanza kusimama mbele ya gazeti la wanafunzi ubaoni, akisoma kuanzia juu hadi tangazo la mwisho, na alianza kuwauliza wahadhiri maswali: mnajuaje aliyewaambia hakudanganya? Mkikosea mnafanyaje? Mhadhiri wa sheria za habari anakiri kwamba baadhi ya maswali hayo ameyaingiza kwenye mitihani yake.

Binti alihitimu, na huu ni mwaka wake wa nane katika gazeti la kila siku, ambako anaandika habari za mahakama. Mara mbili ametishwa. Mara moja kamera yake ilivunjwa akiwa ameishika.

Nilipokuwa nikiandaa maneno haya nilikwenda karakana kumhoji Fundi. Mimi si mwandishi wa habari. Nimepokea fomu za wengine maisha yangu yote, na nilikaa mbele yake nikiwa na wasiwasi kama mwombaji yeyote. Nilianza na alianza lini kazi, naungama. Mwisho nikamuuliza kama bado anaogopa.

"Kila siku," alisema. "Gazeti likifika natafuta kwanza jina lake. Nikiliona, basi najua jana alifika salama. Halafu ndiyo nasoma habari."

Nikamuuliza habari zenyewe anazionaje. Akasema nzuri, ila siku hizi anaandika sentensi ndefu.

Fundi, kwa mwanga, kwa maji, kwa kila mlango uliofunguka, na kwa majibu elfu moja mia moja na sitini ya kweli, shule hii inakushukuru. Mkeo ametuomba tusikuite kurekebisha chochote kabla ya Septemba, na tumeahidi kujitahidi. Nenda ukapumzike kwa afya njema, mzee wetu. Tunakuombea siku njema, na kila asubuhi gazeti lenye jina unalolitafuta.