Mama Kurasa na Swali la Jiwe

Mama tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya nne, karibu na tangi la maji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mshika bendera wa treni, mama yake alifua mashuka ya hospitali. Jina lake mnalo kwenye jalada la programu, lakini wengi wenu mlimwita Mama Kurasa, na hilo aliliitikia haraka zaidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza 1974. Sekondari alisoma miaka miwili, akatoka kumuuguza baba yake, hakurudi. Mengine alijifundisha. Kaka yake mkubwa ameniomba nisome habari moja ya shule ya Jumapili. Mama alikuwa na miaka tisa. Mwalimu alifundisha jinsi Yoshua alivyoomba na jua likasimama. Mama akanyoosha mkono: "Na wale wa upande wa pili wa dunia, kwenye usiku, walilala mpaka saa ngapi?" Mwalimu akamwambia akae chini. Akakaa. Halafu akasema, "Nimekaa, mwalimu. Walilala mpaka saa ngapi?" Mwezi uliopita alikuwa bado anauliza.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, chumba cha kukusanyia kurasa. Kazi ni hivi: marundo ya kurasa yanapangwa kuzunguka meza, unatembea ukichukua karatasi moja kila rundo, ukimaliza mzunguko una kitabu, unabana pini. Aliizunguka meza hiyo miaka thelathini na sita. Alisoma kila alichobana: fizikia, mahubiri, maelekezo ya pampu za maji. Programu za mazishi pia, nyingi sana. Alikuwa akisema, "Wanaozikwa wote walikuwa wapole na wacheshi. Sijui wale wakorofi wanafia wapi."

Mama hakuwa mpole. Mcheshi alikuwa.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mchimbaji wa mgodini. Baba alimtania kwa vitabu vyake: "Wewe unashinda na nyota, mimi nashinda chini. Tukutane katikati, kwenye chai." Dada yangu alizaliwa 1990, mimi 1994. Tarehe 9 Agosti 1996 handaki la mgodi liliporomoka. Walimtafuta siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili kampuni ilifunga shimo kwa zege, na Mama akakabidhiwa kofia ya kazi ambayo hata haikuwa ya baba. Mimi simkumbuki baba. Hapa nasoma tarehe tu.

Ndipo alipoanza kuandika. Hadithi moja, aliyoiandika upya na upya, madaftari tisa. Watu wanasafiri hadi sayari isiyo na hewa, wanafia huko, wanazikwa chini ya mawe. Roboti anaachwa alinde makaburi. Ana agizo moja: parapanda ya mwisho ikilia, aondoe mawe, kama Lazaro alivyoondolewa jiwe kabla ya kuitwa. Lakini pasipo hewa sauti haisafiri. Roboti atasikiaje?

Watu walidhani ni mambo ya anga. Alikuwa anamuulizia mume wake. Lazaro aliondolewa jiwe. Lile zege, nani ataliondoa? Hilo ndilo alilotaka kujua, basi.

Mei 2003 kiwanda kilichapa masomo ya shule ya Jumapili, nakala mia nne. Saa ya chakula Mama alikuwa anapiga hadithi yake taipu kwenye karatasi ya kipimo kilekile, na ukurasa wake wa 14 akausahau juu ya rundo la ukurasa wa 14. Ukaingia kwenye nakala moja tu. Hiyo moja ikaangukia mikononi mwa mzee wa kanisa. Jumapili akasoma kwa sauti, "Yesu akafika kaburini," akafunua, akaendelea, "roboti akapiga magoti, taa ya kifuani inawaka na kuzima." Alisoma mistari minane kabla ya kushtuka. Kutoka benchi la nyuma mtu akasema, "Endelea mzee, ikawaje?"

Kamati ilikaa vikao vitatu. Mchungaji, yuko hapa leo, alimuuliza: "Mama, wewe unaamini au huamini?"

"Nisingeamini ningekusumbua wa nini?"

Wakati huo alikuwa akifundisha watoto wa shule ya Jumapili; akaondolewa. Hakuhama kanisa. Alikaa benchi la tatu, upande wa dirisha, miaka ishirini, na kila Pasaka alimsubiri mchungaji mlangoni na swali lilelile la zege. Mchungaji alikuwa akisema ana haraka.

Februari 2023 alikutwa na saratani ya ini. Septemba mchungaji alimtembelea wodini. Mama hakusubiri hata sala iishe. "Sasa huna pa kukimbilia. Walio chini ya zege nani atawaondolea?" Mchungaji akashika chuma cha kitanda, akasema, "Sijui, mama."

Mama akacheka mpaka muuguzi akaja. "Hilo tu! Ungelisema mwaka ule ungetupunguzia vikao."

Wiki iliyofuata aliniambia niimalizie hadithi. Ilikuwa imeishia kwenye swali, mstari wa mwisho wa ukurasa wa 14, aliouandika upya mara nyingi. Nikamwambia, "Mama, mimi naandika makala za mtandaoni, watu wanatukanana chini yake. Siandiki hadithi."

"Andika sentensi moja. Ukali unao."

Nikasema nitaandika nikipata nafasi.

Alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi. Dada yangu alikuwa anamfuta uso. Mimi nilikuwa dukani chini nanunua vocha. Niliporudi dada alikuwa bado ameshika kitambaa. Mama alikuwa na miaka sitini na miwili.

Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka mmoja, wadogo zake wawili wa kike, na wenzake wa chumba cha kurasa, walioikusanya programu hii jana kwa mkono, kwenye meza ileile.

Kuna watu wameshaniuliza getini kwa nini baada ya ukurasa wa 12 unakuja wa 14. Waliokusanya hawajakosea. Hawajakosea hata kidogo. Ule ni ukurasa wake, kama alivyoupiga taipu, hadi kwenye swali. Sentensi iliyo chini kabisa ni yangu. Imechelewa siku nne. Naisoma:

"Roboti hakusikia kitu. Akainama, akaanza kuondoa jiwe."

Apumzike kwa amani, yeye hapa na baba kule chini, mpaka jiwe la mwisho liondolewe.