Mama na Maji ya Mlimani

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mama, mimi ni bintiye wa kwanza, na nimepewa kazi ya kusimulia maisha ya mtu aliyeishi kwa kuuliza maswali, kwa hiyo mnisamehe nikiacha mengine bila majibu.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitinda mimba wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana, ambako mwalimu wa kemia alimchoka, maana kila akijibiwa swali moja alikuwa na la pili mdomoni. Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye mtambo wa kusafisha maji wa mji wetu, akaanzia maabara, kazi yake ikiwa kutia shabu kwenye maji ya mto, kuyakoroga kwa kasi kisha polepole, na kutazama tope likishikana na kuzama, ndipo maji yachujwe kwenye mchanga, yatiwe klorini na kusukumwa na pampu hadi kwenye matangi. Sisi watoto alituonyesha jambo hilo kwenye glasi za wageni, na wageni wakanywea vikombe.

Alifunga ndoa na baba, fundi mwashi, tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto watatu, wakajenga hapa mlimani, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu maji aliyoyasafisha kwa mikono yake yalifika mji mzima isipokuwa huku. Majirani walimsema kwamba anawabania, bibi akamwambia baba ameoa mtu wa maji asiye na maji, na baba naye, mabega yakiwa yamemchubuka kwa ndoo, akasema anahama, atakayebaki abaki.

Mama aliumia, lakini zaidi alitaka kujua. Alilifuata bomba kuu kwa miguu kutoka kwenye tangi, akipanda nalo, akitega sikio kwenye kila vali, hadi akagundua kwamba juu kabisa hewa imekwama ndani ya bomba na kuyazuia maji, na vali ndogo ya kuitoa haionekani. Ilikuwa chini ya ukuta wetu. Baba alipojenga alikuta kifuniko cha chuma, akadhani ni uchafu wa wakandarasi, akakimwagia zege.

Ukuta huo ulikuwa fahari yake, na Mei 1991 aliubomoa mwenyewe, mtaa mzima ukimcheka, mama akaifungua vali, hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, na maji yakapanda.

Alistaafu mwaka 2018, akaugua figo, akawauliza madaktari mashine ya kusafisha damu inatumia maji ya tangi lipi, na tarehe 4 Juni 2024 akatutoka. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu kwa subira, majirani mliokaa nasi matangani, na wenzake wa mtamboni mliombeba leo.

Sisi watoto tumemsihi baba aje kuishi kwetu mjini, asibaki peke yake. Amekataa, anasema hayaachi maji ya mke wake.

Pumzika, mama, umetufikisha.