Kiwanja cha Nnalongo Perpetua kule Carriacou

Baba Padri, Bi Mahbuba na wanao, dada zangu mliopewa ruhusa ya kutoka kazini leo na nyinyi mliotoka bila ruhusa, mimi ni Nankya, mdogo wa marehemu, nafanya kazi saluni pale Hamriya, hapa hapa Maskati, na familia imeniomba nisome maisha yake kwa Kiswahili, kwa sababu Kiganda hakieleweki Wattaya na Kiarabu hakieleweki kwetu Masaka, ila Kiswahili ndicho alichoishi nacho hapa miaka yote, hata alipokuwa akigomba.

Marehemu Perpetua Nakabugo alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Kyanamukaaka, wilaya ya Masaka, Uganda, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Kakooza na Mama Regina, ambaye yupo hai na anatusikiliza kupitia simu hii iliyo mezani, ingawa Kiswahili anakielewa nusunusu na sehemu nyingine nitamweleza jioni.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1986 hadi 1992, akaanza sekondari Masaka mjini mwaka 1993, akaacha Agosti 1994 akiwa kidato cha pili, si kwa kushindwa masomo, maana hesabu alikuwa akinifundisha mimi hadi nalia, bali kwa sababu mwezi huo tulihamishwa. Kwetu mtu huweza kujenga na kulima kwenye kibanja, yaani kipande ambacho hati yake anayo mtu mwingine, na mwenye hati wetu alipouza, mnunuzi alitupa wiki mbili, tukaondoka na mbuzi, masufuria na milango ya nyumba, tukaacha migomba na makaburi matatu, likiwemo la bibi yetu, na juu ya makaburi hayo ikapandwa mikaratusi. Perpetua alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja, kwamba yeye azikwe mahali ambapo hakuna mtu mwingine atakayepauza.

Tarehe 2 Juni 2001 alifunga ndoa na Hakim, dereva wa malori wa Kyotera, na tarehe 19 Septemba 2002 wakajaliwa mapacha, Wasswa na Nakato, ndiyo maana wengi wenu mnamjua kwa jina la Nnalongo, jina la heshima la mama wa mapacha. Ndoa hiyo ilidumu miaka mitano, na kwa kuwa Hakim ametuma rambirambi, na kwa kuwa marehemu mwenyewe alishamsamehe, sina la kuongeza, ingawa ninalo.

Alifika Maskati tarehe 3 Mei 2009 na kuanza kazi Wattaya nyumbani kwa Bi Mahbuba, ambaye naye aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka minane, nyumba ya kwao ikabaki nyuma na chakula kikiwa jikoni, kwa hiyo wanawake hawa wawili walipokaa kumenya mihogo hawakuwa na haja ya kuelezana mengi. Mwaka 2014 Bi Mahbuba aliona katika simu ya mwanawe Muatasim picha za Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi ya Grenada katika Bahari ya Karibi, chenye mbaazi na mashelisheli, akanunua nyumba ya mawe huko kabla hajakikanyaga, watu wakacheka, na mwezi wa Januari 2015 akamtuma Perpetua akaitunze, akimwambia pale uwanja wa ndege, "Mie huko nna nyumba, wewe huna kitu, basi usirudi mpaka na wewe uwe na pako."

Perpetua akaishi katika nyumba hiyo, kijiji cha Bogles, akajifunza kukinga maji ya mvua, maana kisiwa hicho hakina mto, akapika chapati ambazo watu walivuka vilima kuzifuata, na mwezi Machi 2017 akanunua nyumba ya mbao yenye vyumba viwili kutoka kwa jirani yake, Mzee Cuthbert, mtu mwema kabisa. Yeye aliyejua hatari ya kukosa hati kuliko sisi sote aliusoma mkataba mara tatu, akahesabu madirisha yaliyoandikwa, akaweka sahihi, na hakuona kwamba hakuna mahali palipotaja ardhi, kwa sababu kwetu mtu anaweza kukosa ardhi, lakini nyumba inayouzwa peke yake na kuondolewa mahali pake hatujawahi kuiona, na kule ni jambo la kawaida, ndiyo maana Mzee Cuthbert hakufikiria kumweleza. Septemba mwenye kiwanja alirudi kutoka Uingereza na kwa adabu zote akamwomba aondoe nyumba yake. Alinipigia simu nikiwa na kichwa cha mteja mikononi, akasema, "Nankya, tumehamishwa tena," na nilimsikia akilia, naye hakuwa mtu wa kulia.

Lakini Jumamosi iliyofuata watu wa Bogles walikuja na jeki, magogo na lori, Mzee Cuthbert akiwa wa kwanza kutia bega, wakaibeba nyumba hadi kwenye pembe ya ua wa Bi Mahbuba, na Perpetua akaanza upya. Mgeni kule hamiliki ardhi bila kibali cha serikali, akaomba, akasubiri, akaomba tena, na tarehe 12 Agosti 2021 akapokea hati ya robo eka, yenye jina lake na majina ya mapacha wake, nyumba ikapandishwa lori mara ya pili, naye akakataa kushuka, akakaa barazani kwenye kiti akiwapungia watu mkono kama bibi harusi. Picha hiyo ndiyo mnayoiona hapo mbele.

Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga kilipiga Carriacou, yeye akajificha katika bafu la nyumba ya mawe, na siku nne hatukujua kama yu hai, hadi simu ilipoingia na sauti yake ikasema, "Nyumba imehama tena, safari hii bila lori, lakini kiwanja kipo, nimekikanyaga." Kabla ya mwezi kuisha alikuwa amepanda mahindi na mbaazi.

Novemba mwaka huo alianza kuugua saratani ya titi, na Februari 2025 Bi Mahbuba akamrudisha Maskati kwa matibabu, akamlaza chumba cha wageni na kumkataza kushika sufuria, jambo ambalo marehemu hakulitii. Alifariki hospitalini Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Bi Mazoon, binti wa Bi Mahbuba.

Wazee wa ukoo walitaka mwili urudi Masaka, na hawakuwa na ubaya, lakini hata baba amelala kwenye shamba tuliloazimwa, tukabishana siku tatu, mpaka Mama Regina akaichukua simu kutoka kwa wazee akasema, "Mpelekeni kwake." Kwa hiyo kesho tunasafiri naye kwenda Carriacou, mimi na Nakato, ambaye atabaki huko, maana pacha wake Wasswa alishafika kule, na jana alituma picha za kaburi lililochimbwa na majirani karibu na mbaazi, na nguzo nne za nyumba mpya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Wattaya, dada wa Ruwi na Hamriya waliochangia safari hii, watu wa Bogles, na wewe, Bi Mahbuba, uliyemtuma akatafute pake, na akapata.

Nnalongo, dada yangu, pumzika kwa amani, hakuna atakayekuja kukuhamisha.